OKSIJENI NI DAWA, NA DAWA INA KIPIMO

Katika nchi iliyo kati ya Mlima Elgon na bonde la Mto Nzoia wako vijana wengi wanaojifunza kazi ya kuwatunza wagonjwa. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, ambacho watu wengi hukijua kwa herufi zake KMTC, kina matawi yake Kitale, Bungoma na Webuye, na wanafunzi wake hupelekwa katika wadi za hospitali wakayaone kwa macho yale waliyoyasoma darasani. Miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo mwanafunzi hukutana navyo wadini ni mtungi mrefu wa chuma uliosimama kando ya kitanda, na mrija mwembamba utokao hapo hadi puani mwa mgonjwa. Huambiwa kwamba mtunginimo mna oksijeni, nayo humsaidia mgonjwa kupumua.

Asipoelezwa zaidi ya hayo, mwanafunzi aweza kudhani kwamba mrija ukishatiwa puani kazi imekwisha. Kumbe hapo ndipo kazi inapoanza. Oksijeni ni dawa kama kwinini au penisilini zilivyo dawa: ina wagonjwa wanaoihitaji na wasioihitaji, ina kipimo chake, ina madhara yake ikizidi, tena yaweza kwisha usiku wa manane ikiwa hakuna aliyeihesabu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi katika orodha yake ya dawa za lazima kwamba oksijeni si ya chumba cha upasuaji peke yake, bali ni tiba ya kila mgonjwa ambaye damu yake imepungukiwa na hewa hiyo. Yafaa basi ifahamike vema na kila atakayevaa sare ya hospitali.

KAZI YAKE MWILINI

Katika kila sehemu 100 za hewa wanayoivuta watu, sehemu 21 ni oksijeni, na karibu zote zilizobaki ni nitrojeni, ambayo mwili hauitumii katika kupumua. Hewa ikifika mapafuni, oksijeni hupenya kuta nyembamba za vifuko vya mapafu na kuingia katika damu. Humo huchukuliwa na himoglobini, ambayo ni ile rangi nyekundu ya chembe za damu, nayo huifanyia oksijeni kazi ya gari la mizigo: huipakia mapafuni na kuishusha katika ubongo, moyo, figo na viungo vyote. Ubongo ndio usioweza kungoja. Ukikosa oksijeni kabisa kwa muda wa dakika 4 au 5, huanza kupata madhara ambayo pengine hayataondoka tena hata mgonjwa akipona.

Kwa watu wa Kitale na Bungoma liko jambo jingine la kujua. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale kiasi cha mita 1,900. Sehemu za oksijeni katika hewa ya Kitale ni zile zile 21 katika 100, lakini hewa yenyewe imekuwa nyepesi, hata mgandamizo wake ni karibu sehemu nne tu katika tano za ule wa Mombasa. Mtu mwenye afya haoni dhiki yo yote, kwa maana mwili wake umekwisha kuzoea. Lakini mwenye homa ya mapafu aliyeko Kitale huanza ugonjwa wake akiwa na akiba ndogo kidogo kuliko mgonjwa wa pwani, na hali yake yaweza kuharibika upesi zaidi.

KUMTAMBUA ANAYEHITAJI

Kazi ya kwanza ya mwuguzi ni kutazama. Mtoto mwenye upungufu wa oksijeni huonyesha dalili kabla ya chombo cho chote kusema. Hupumua mbio, pua zake hutanuka kila avutapo pumzi, sehemu ya chini ya kifua hubonyea ndani badala ya kuinuka, huguna kila atoapo pumzi, hushindwa kunyonya au kunywa. Dalili iliyo mbaya kupita hizo ni ulimi na ufizi kuwa na rangi ya buluu au ya kijivu. Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi rangi hiyo haionekani usoni wala mikononi, basi itafutwe kinywani, mahali penye mwanga wa kutosha.

Pumzi zapasa kuhesabiwa kwa saa yenye mshale wa sekunde, kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 kiwango ni 50, na kwa wa mwaka 1 hadi 5 ni 40. Kuhesabu kwa robo dakika kisha kuzidisha kwa nne hakufai, kwa kuwa pumzi za mtoto hazina mwendo mmoja.

Baada ya macho huja chombo. Mnamo mwaka 1974 Mjapani aitwaye Takuo Aoyagi alieleza njia ya kupima oksijeni katika damu bila kumchoma mgonjwa sindano, na kutokana na kazi yake kimetokea kile kipima oksijeni cha kubana kidoleni ambacho sasa kinapatikana katika hospitali nyingi. Chombo hiki hupitisha mwanga katika kidole, na kwa kuwa damu yenye oksijeni na ile isiyo nayo hazimezi mwanga sawasawa, huweza kujua ni sehemu ngapi katika 100 za himoglobini zilizobeba oksijeni. Mtu mwenye afya huwa na 95 au zaidi, ingawa katika nchi za juu kama Kitale yawezekana akapungua kwa alama moja au mbili.

Mwanafunzi huenda akauliza kwa nini waganga huogopa sana namba 90, na hali 90 katika 100 ni alama nzuri katika mtihani wo wote. Mfano wake ni Mto Nzoia. Kabla ya kufika Nabuyole karibu na Webuye, maji huenda kwa taratibu, na mtu aliye mtumbwini huweza kudhani kwamba yu salama. Kisha ghafula huanguka majabalini. Ndivyo ilivyo oksijeni ya damu: kutoka 98 hadi 92 mteremko ni wa polepole, lakini ikishuka chini ya 90, upungufu mdogo tu katika mapafu huiporomosha mbali sana. Kwa hiyo kipimo kikisoma chini ya 90, oksijeni itolewe bila kukawia. Na ikiwa mgonjwa ana dalili za hatari, kama vile kupumua kwa taabu nyingi, kuzimia, degedege au mshtuko wa damu kushindwa kuzunguka, apewe mara moja na kufikishwa 94 au zaidi mpaka hali yake itulie.

CHOMBO NACHO CHAWEZA KUDANGANYA

Kipima oksijeni ni msaidizi mwema, lakini si hakimu. Kidole kilichopoa, mgonjwa anayetetemeka, hina au rangi ya kucha, vyote huweza kukifanya kisome visivyo. Kadhalika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu weusi chombo hiki mara nyingine husoma juu kuliko ukweli, hata mgonjwa akaonekana mzima na kumbe amepungukiwa. Mwuguzi akiona mgonjwa anahangaika kwa pumzi na chombo kinasema 93, aamini macho yake.

Yako mambo mawili ambayo yanatokea sana katika sehemu hizi. La kwanza ni upungufu wa damu. Malaria iko sana katika Bungoma, na mtoto aliyeugua huweza kuletwa hospitalini viganja vyake vikiwa vyeupe. Kipima oksijeni kitasoma 97, nacho hakikosei, kwa maana kila gari la mizigo limejaa. Ila magari yenyewe yamebaki machache. Mtoto huyo apewe oksijeni ikiwa anapumua kwa taabu, lakini kinachomwokoa ni damu, na kuipata isichelewe.

La pili ni moshi wa makaa. Usiku wa Kitale una baridi, na wako watu walalao na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo hushika himoglobini kwa nguvu kupita oksijeni. Chombo cha kawaida hakiwezi kuitofautisha na oksijeni, basi husoma 98 hali mtu anakufa. Aliyepatikana amezimia katika chumba chenye jiko apewe oksijeni nyingi kwa barakoa yenye mfuko, wala chombo kisiulizwe kwanza.

DHARURA IKITOKEA

Mgonjwa akiletwa mahututi, jambo linaloharibu kazi mara nyingi ni ghasia: kila mtu akimbia, na hakuna ajuaye nani afanye nini. Kwa ajili hiyo Kenya ina mwongozo wa tiba za watoto uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2005 na kusahihishwa mara kadha tangu hapo, pamoja na mafunzo ya dharura yajulikanayo kama ETAT+, ambayo huwafundisha watumishi kufuata utaratibu mmoja wa aina ile ile, ikiwa ni Nairobi au Kimilili.

Kwanza huitwa msaada kwa sauti, kwa maana mtu mmoja hatoshi. Pili hutazamwa njia ya hewa. Oksijeni haifai kitu ikiwa koo limezibwa na ulimi, matapishi au kipande cha chakula. Kinywa husafishwa kwa kinachoonekana tu, si kwa kutia kidole gizani. Kichwa cha mtoto mchanga huwekwa sawa bila kukunjwa mbele wala nyuma. Cha mtoto mkubwa na mtu mzima huinamishwa nyuma kidogo na kidevu kuinuliwa. Lakini kwa aliyeanguka na pikipiki, au ye yote anayedhaniwa kuwa ameumia shingo, kichwa kisigeuzwe. Taya lake lisukumwe mbele kwa vidole vya mikono miwili.

Tatu hutazamwa pumzi. Ikiwa mgonjwa anapumua kwa taabu, hupewa oksijeni. Ikiwa hapumui kabisa, au anavuta pumzi moja moja za mwisho, mrija wa puani haumsaidii hata kidogo, kwa kuwa hakuna nguvu ya kuivuta hewa iliyowekwa mlangoni. Huyo hupuliziwa kwa mfuko na barakoa, na kifua chake hutazamwa kama kinainuka. Kisipoinuka, kosa mara nyingi liko katika njia ya hewa au barakoa haikushika uso, basi virekebishwe kwanza. Nne hutazamwa mzunguko wa damu: mapigo, ubaridi wa mikono, na damu inayotoka. Kisha ndipo hutazamwa fahamu na sukari ya damu.

Mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia ana sheria yake. Hukaushwa kwa kitambaa, hufunikwa apate joto, husuguliwa mgongo. Na ikiwa bado hapumui, hupuliziwa kwa mfuko kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Wengi hukimbilia kutafuta mtungi wa oksijeni, na wakati unapita. Mtoto aliyetimiza siku zake huanziwa kwa hewa ya kawaida ya chumbani, nayo huwatosha walio wengi. Anachohitaji ni mapafu yake yafunguliwe, wala si mtungi.

MIRIJA, BARAKOA NA VIPIMO

Kila kifaa kina mtiririko wake, ambao hupimwa kwa lita katika dakika moja, na kutumia kifaa kwa kipimo kisicho chake ni kupoteza dawa au kumdhuru mgonjwa.

Mirija miwili ya puani ndiyo itumikayo zaidi. Haimzuii mgonjwa kunywa wala kusema, na hutumia oksijeni kidogo. Mtoto mchanga hupewa nusu lita kwa dakika, na watoto wengine lita 1 hadi 2. Hapo hewa wanayoivuta huwa na oksijeni kiasi cha sehemu 30 hadi 35 katika 100. Mtu mzima huweza kupewa lita 1 hadi 5.

Barakoa ya kawaida hutoa sehemu 40 hadi 60, lakini mtiririko wake kwa mtu mzima lazima uwe lita 6 au zaidi, na kwa mtoto lita 5 au 6. Ikitiliwa lita 2 tu, mgonjwa huvuta tena ile hewa chafu aliyoitoa mwenyewe, na barakoa iliyokusudiwa kumwokoa humziba pumzi.

Barakoa yenye mfuko wa akiba ndiyo ya dharura kubwa. Mtiririko wake ni lita 10 hadi 15, nayo hutoa sehemu 80 hadi 90. Mfuko ujazwe kwanza kabla ya kumvika mgonjwa, na wakati wote uonekane umevimba. Ukinywea kila avutapo pumzi, mtiririko ni mdogo.

Baada ya kuwekewa kifaa mgonjwa hupimwa tena. Ikiwa katika muda wa dakika chache hakuna nafuu, hutazamwa kwa mpango: je, mtungi una kitu? Je, mrija umekunjwa au umechomoka? Je, pua imejaa kamasi? Je, kifaa kinamtosha? Mrija uliolaliwa na mgonjwa mwenyewe hufanya madhara sawa na mtungi mtupu.

HESABU YA MTUNGI

Hili ndilo somo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari. Mtungi mkubwa wa wadini, ukijaa, una oksijeni kiasi cha lita 6,800. Mtungi wa kadiri una lita 1,360, na ule mdogo wa kuchukuliwa katika gari la wagonjwa una lita 680. Ukiwa umejaa, saa ya mgandamizo iliyo juu yake husoma kiasi cha baa 137. Ikisoma 68, nusu imekwisha kutumika. Hesabu ni nyepesi: lita zilizobaki zigawanywe kwa lita zinazotoka kila dakika, na jibu ni dakika zilizobaki.

Tuseme mtu mzima amewekewa lita 5 kwa dakika kutoka mtungi mkubwa ambao ni nusu, yaani lita 3,400, saa 12 za jioni. Mtungi huo utadumu dakika 680, nazo ni saa 11 na dakika 20. Utakwisha saa 11 na dakika 20 za alfajiri, wakati wadi iko kimya, watumishi ni wachache, na mgonjwa amefunikwa blanketi asionekane midomo. Mwuguzi wa zamu ya jioni aliyefanya hesabu hii ataiandika saa hiyo katika karatasi ya mgonjwa, atamwambia mwenzake wa usiku, na mtungi wa pili utakuwa umeletwa karibu na ufunguo wake mapema. Asiyeifanya huacha jambo hilo kwa bahati.

Safari nazo zina hesabu yake. Mgonjwa aliyezidiwa Kitale huweza kupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, mwendo wa kilomita 70 hivi. Tuseme anahitaji lita 10 kwa dakika, na kwamba tangu kutoka wadini hadi kupokewa huko zitapita dakika 90. Atahitaji lita 900. Mtungi mdogo wa lita 680 utamfikisha dakika ya 68 tu, na dakika 22 zilizobaki atakuwa njiani bila kitu. Tena malori huharibika barabarani, na mvua hunyesha. Kwa hiyo ni desturi njema kuchukua maradufu ya hesabu, yaani lita 1,800 kwa safari hii, ambazo zahitaji mitungi miwili ya kadiri. Kinyume chake, mtoto anayetumia lita 2 kwa dakika atatoshwa na mtungi mdogo uliojaa kwa saa 5 na dakika 40. Mtungi ni mmoja, barabara ni moja. Tofauti imo katika kipimo.

OKSIJENI HUTOKA WAPI

Ziko njia tatu za kuipata. Ya kwanza ni mitungi iletwayo kwa gari kutoka viwandani, nayo ni mizito na ina gharama ya barabara. Ya pili ni mtambo uliojengwa hospitalini wenyewe, ambao huvuta hewa ya kawaida, huipitisha katika punje za madini ziitwazo zeolaiti zinazonasa nitrojeni, na kuiacha oksijeni ipite. Katika magharibi ya Kenya mtambo wa namna hii ulijengwa Siaya na shirika la Hewa Tele, lililoanzishwa mwaka 2014, ili hospitali za karibu zisingoje magari ya kutoka mbali. Ya tatu ni mashine ndogo ya kusimama kando ya kitanda, ifanyayo kazi kwa njia ile ile, na kutoa lita 5 au 10 kwa dakika maadamu umeme upo.

Ugonjwa wa Covid-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, uliwafundisha watu wote thamani ya mambo haya, maana mitungi ilitafutwa kila mahali kwa wakati mmoja. Mitambo mingi iliongezwa baada ya hapo. Lakini mtambo pekee hautibu mtu. Umeme ukikatika, mashine ya kando ya kitanda hunyamaza mara hiyo hiyo. Kwa hiyo kila wadi itumiayo mashine hiyo ipaswa kuwa na mtungi wa akiba uliokwisha kupimwa. Vichujio vya mashine visiposafishwa, oksijeni itokayo hupungua nguvu bila mtu kujua.

IKIZIDI, HUDHURU

Ni makosa kudhani kwamba kitu chema kikiongezwa huwa chema zaidi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa ya macho yake huharibika, na aweza kuwa kipofu. Huyo hushikwa kati ya 90 na 95, wala asiachwe kwenye 100. Vile vile yuko mtu mzima mwenye mapafu yaliyochakaa kwa tumbaku au kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Huyo mara nyingi hutosheka na 88 hadi 92, na akipewa nyingi mno hewa chafu humzidia katika damu, naye husinzia na kuacha kupumua.

Tena oksijeni haiwaki yenyewe, lakini hufanya kila kitu kiwake kwa ukali. Sigara, mshumaa na jiko vikae mbali. Mafuta na grisi visiguse kamwe valvu ya mtungi, hata mikononi mwa afungaye. Mtungi ufungwe kwa mnyororo ukutani, kwa maana ukianguka na shingo yake ikavunjika, huruka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Valvu ifunguliwe polepole, na lebo isomwe kila mara, kwa sababu rangi za mitungi si sawa kila mahali.

KUSEMA NA JAMAA ZA MGONJWA

Liko jambo moja la mwisho ambalo halimo katika mitungi. Watu wengi huiogopa oksijeni. Wamewaona jirani zao wakiwekewa mirija na baada ya saa chache wakafa, nao wakasema kwamba anayetiwa gesi amekwisha. Hofu hiyo ina sababu, maana hapo kale oksijeni ilikuwa haba na ilitolewa kwa walio karibu na kufa tu. Lakini madhara yake ni kwamba mama huweza kuutoa mrija puani mwa mwanawe mara mwuguzi anapogeuka, au mzee akakataa kumleta mgonjwa mapema.

Mwanafunzi asimkaripie mama huyo. Amwambie kwa upole, kwa lugha anayoielewa vema, kiwe ni Kiswahili, Kibukusu au Kisabaoti: “Mama, mapafu ya mtoto yamechoka, na hewa hii inayasaidia mpaka dawa ifanye kazi. Akipata nguvu tutaipunguza kidogo kidogo, kisha tutaitoa.” Amwonyeshe namba ya kipimo kabla ya oksijeni na baada yake, na amweleze dalili za kutazama, yaani rangi ya ulimi, mrija kuchomoka, na mtoto kulegea, ili aite mara aonapo mojawapo. Mama aliyeelezwa hivyo hukesha kando ya kitanda usiku kucha, na mara nyingi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuona kwamba mtungi umekwisha.

Ndiyo sababu kila zamu yapasa kuanza kwa mzunguko mmoja mfupi kabla ya chai: kusoma saa ya kila mtungi na kuandika baa zake, kuwasha mashine na kusikiliza, kujaribu mfuko wa kupulizia kwa kuufinya juu ya kiganja, kuona kama barakoa za watoto na za watu wazima zipo, na ufunguo wa mtungi unaning’inia mahali pake. Kazi hiyo huchukua dakika 10. Dharura haitatoa hata moja.